Kumbukumbu Si Ghala: Uhakiki wa Istiari ya Ubongo na Kompyuta katika Kiswahili cha Maunzi na cha Tiba

Ikisiri

Tangu mwaka 1945 usanifu wa maunzi ya kompyuta na sayansi ya tiba vimekuwa vikiazimana maneno. Kompyuta ilipewa viungo na kumbukumbu kwa mfano wa mwili. Baadaye mwili nao ukaanza kuelezwa kwa mfano wa kompyuta. Makala haya yanahakiki maandishi mawili ya John von Neumann, la mwaka 1945 na la mwaka 1958, kisha yanafuatilia istiari hiyo hadi katika Kiswahili cha darasani na cha hospitalini. Hoja kuu ni kwamba Kiswahili kilikuwa tayari na tofauti ambazo istiari hiyo inazifuta, hasa tofauti kati ya kumbukumbu na kukumbuka, na kwamba tafsiri zetu zinazipoteza bila sababu. Mfano wa kifaa cha usikivu kinachowekwa ndani ya sikio unatumika kuonesha kwamba uteuzi wa maneno, na hata usanifu wa chipu yenyewe, una matokeo kwa mgonjwa na kwa lugha yake.

1.0 Utangulizi

Mwalimu wa TEHAMA anapomweleza mwanafunzi kazi ya kichakataji, humwambia kwamba hicho ndicho ubongo wa kompyuta. Saa moja baadaye, katika kipindi cha biolojia, mwanafunzi yuleyule huambiwa kwamba ubongo ni kama kompyuta inayoendesha mwili. Walimu wote wawili wamefanya kazi yao vizuri. Hata hivyo, mwanafunzi ametoka na mafumbo mawili yanayoelezana, mithili ya kamusi inayosema kwamba kondoo ni mnyama anayefanana na mbuzi, na ukifungua ukurasa wa mbuzi unaambiwa ni mnyama anayefanana na kondoo.

Duara hili halikuanzia katika madarasa yetu. Lina mwandishi wake, lina tarehe yake, na lina maandishi yanayoweza kusomwa na kuhakikiwa kama matini nyingine yoyote. Hiyo ndiyo kazi ya makala haya. Msingi wa kinadharia ni nadharia ya istiari dhanifu iliyowekwa na George Lakoff na Mark Johnson mwaka 1980, ambayo inashikilia kwamba istiari huongoza fikra, na kwamba kila istiari inapoangaza upande mmoja wa jambo huuficha upande mwingine. Swali tunalouliza ni hili: istiari ya ubongo na kompyuta ilipoingia katika Kiswahili, ilificha nini ambacho lugha yetu ilikuwa imekwisha kukiona?

2.0 Mkopo wa mwaka 1945

Mnamo Juni 1945 ilisambazwa rasimu ya ripoti kuhusu mashine iliyoitwa EDVAC, iliyokuwa ikibuniwa katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania nchini Marekani. Mwandishi wake alikuwa John von Neumann, mwanahisabati mzaliwa wa Budapest. Rasimu hiyo ndiyo iliyoeneza muundo ambao kompyuta nyingi zinaufuata hadi leo: sehemu ya kukokotoa, sehemu ya kudhibiti, sehemu ya kuhifadhi, na njia za kuingizia na kutolea taarifa.

Kwa mhakiki wa lugha, jambo la kushangaza katika rasimu hiyo ni msamiati wake. Sehemu za mashine zinaitwa viungo, kwa neno lilelile linalotumika kwa ini na figo. Sehemu ya kuhifadhi inaitwa kumbukumbu. Von Neumann anaeleza kwamba sehemu za kukokotoa, kudhibiti na kuhifadhi zinalingana na neva za uhusishaji katika mwili wa binadamu, na kwamba njia za kuingiza na kutoa zinalingana na neva za hisi na neva za mwendo. Anarejelea makala ya Warren McCulloch na Walter Pitts ya mwaka 1943, ambayo ilikuwa imeichora seli ya neva kama swichi ya kimantiki: ama inawaka ama haiwaki.

Mkopo huu ulikuwa na sababu ya kiutendaji. Von Neumann alitaka kujadili mantiki ya mashine bila kuzama katika tabia za vali za redio zilizotumika wakati huo. Seli ya neva iliyorahisishwa ilimpa kifaa cha kufikirika kisicho na joto wala waya. Tuzingatie, basi, kwamba alichokopa hakikuwa ubongo wenyewe. Alikopa mchoro wa ubongo ambao tayari ulikuwa umechorwa kwa kalamu ya mantiki. Miaka iliyofuata, watu walipoona jinsi kompyuta inavyofanana na ubongo, walikuwa wakiiona kalamu ileile.

Katika mkopo huo kulikuwa pia na kasoro iliyodumu. Mashine ya mwaka 1945 inatenga mahali pa kuhifadhi na mahali pa kukokotoa, na kila taarifa lazima isafiri kati ya sehemu hizo mbili. John Backus, alipopokea Tuzo ya Turing mwaka 1977, aliilaumu hadharani njia hiyo nyembamba kwa kubana kazi ya mashine na hata fikra za watunzi wa programu. Katika ubongo hakuna utengano wa namna hiyo. Sinapsi, yaani maungano kati ya seli za neva, hupitisha ishara na kwa kupitisha huko hubadilika; kujifunza na kutenda hutokea mahali pamoja. Kwa hiyo neno kumbukumbu lilitolewa kwa mwili na kupewa kifaa kilichojengwa kinyume cha mwili.

Wasanifu wa maunzi waliliona jambo hili kabla ya wanaisimu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Carver Mead, wa Taasisi ya Teknolojia ya California, alianzisha usanifu wa chipu zenye umbo la neva, na mwanafunzi wake Misha Mahowald akabuni retina ya silikoni. Kwabena Boahen, mzaliwa wa Ghana, aliiendeleza njia hiyo katika Chuo Kikuu cha Stanford. Mwaka 2014 kampuni ya IBM ilitangaza chipu ya TrueNorth, yenye transista bilioni 5.4 zilizopangwa kuiga seli za neva milioni 1 na sinapsi milioni 256, ikitumia umeme wa takribani miliwati 70 tu. Ubongo wa mtu mzima una seli za neva zinazokadiriwa kuwa bilioni 86 na hutumia takribani wati 20. Uwiano huo unaeleza kwa nini mhandisi bado anauangalia mwili kwa wivu.

3.0 Kitabu cha mwaka 1958 na hesabu isiyosahau

Von Neumann alialikwa kutoa mihadhara katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1956. Maradhi ya saratani yalimzuia, naye alifariki Februari 1957. Muswada alioukusudia kwa mihadhara hiyo ulichapishwa mwaka 1958 kwa jina la The Computer and the Brain, ukiwa na utangulizi wa mjane wake, Klara. Ni kitabu chembamba kisichokamilika, na kina unyenyekevu mwingi kuliko wengi wanaokitaja wanavyodhani.

Ubora wake wa kwanza ni upimaji. Badala ya kutosheka na mfanano, mwandishi analinganisha kasi, ukubwa, joto na usahihi. Anabainisha kwamba neva ni polepole mno kuliko vali na transista, lakini zinatumia nishati ndogo mno na zinafanya kazi nyingi kwa pamoja. Anabainisha pia kwamba mashine hukokotoa kwa usahihi wa tarakimu 10 hadi 12, ilhali neva hutuma ujumbe wake kwa usahihi wa tarakimu 2 au 3 tu, na bado mwili hausambaratiki. Kutokana na hayo anahitimisha kwamba lugha inayotumiwa na ubongo haiwezi kuwa lugha ya hisabati. Anakwenda mbali zaidi: kama lugha za binadamu zilivyo zao la historia, zikiwa nyingi na tofauti bila hata moja kuwa ya lazima, vivyo hivyo mantiki na hisabati zinaweza kuwa namna za usemi zilizozaliwa na historia. Ni nadra mwanahisabati kumpa mwanaisimu heshima ya namna hiyo.

Hata hivyo, kitabu hiki kina ukurasa mmoja ambapo istiari inamshinda mwandishi wake. Ni pale anapokadiria ukubwa wa kumbukumbu ya binadamu. Anachukua seli za neva bilioni 10, anazipa kila moja ishara 14 kwa sekunde, anazidisha kwa sekunde bilioni 2 za maisha ya miaka 60, na kupata biti 2.8 × 10²⁰. Ili hesabu ikubali, anachukulia kwamba katika ubongo hakuna kusahau kwa kweli. Kila kilichoingia kimebaki.

Tazama jinsi neno lilivyofanya kazi. Mtu aliyekwisha kukiri, kurasa chache tu kando ya hapo, kwamba hatujui kumbukumbu iko wapi wala ni ya namna gani, na kwamba katika jambo hilo hatujawazidi Wayunani waliodhani akili hukaa katika kiwambo cha kifua, anaendelea kuipima kumbukumbu kama mfanyabiashara anavyopima ghala: kilichoingia, muda, jumla. Kusahau, ambako ni kazi mojawapo ya mwili hai, kumefutwa kwa sababu ghala halisahau. Hesabu yenyewe haina kosa la kuzidisha. Kosa limo ndani ya nomino iliyotangulia hesabu.

4.0 Kumbukumbu, kukumbuka na kupoteza

Tukirejea nyumbani, tunakuta kwamba msamiati wetu umegawanywa kwa namna nyingine. Ubongo ni neno la Kibantu na ni la nyama: Waganda husema obwongo, Wanyarwanda na Warundi husema ubwonko. Akili na fahamu tumezipata kutoka Kiarabu, na hazina mahali mwilini. Mswahili husema moyoni, hudhamiria moyoni, na aliyekariri husoma kwa moyo. Aliyefundishwa kwamba ubongo ndio makao ya akili ataziona kauli hizi kuwa masalio ya ujinga. Lakini baada ya maungamo ya von Neumann kuhusu Wayunani, tuna haki ya kuwa na haraka kidogo tu.

Nomino yenye uzito zaidi ni kumbukumbu. Ichunguzwe katika matumizi: kumbukumbu za kikao, kitabu cha kumbukumbu, siku ya kumbukumbu, jengo la kumbukumbu, na jina la kitabu cha Biblia, Kumbukumbu la Torati. Katika mifano yote hii, kumbukumbu ni kitu kilicho nje ya kichwa cha mtu. Kimeandikwa, kimejengwa au kimetengewa tarehe ili watu wasisahau. Kwa maana hiyo kumbukumbu ya kompyuta ni tafsiri bora kuliko asili yake: mashine kweli inatunza kumbukumbu, kama katibu anavyotunza.

Kitenzi kukumbuka ni kingine kabisa. Mtu hukumbuka, hukumbushwa, hukumbukwa. Mama anapomwambia mwanawe aliye mbali, “Nimekukumbuka,” hamwambii kwamba jina lake bado lipo. Anamwambia kwamba ana hamu naye. Kukumbuka ni tendo lenye mtendaji, lenye wakati, na mara nyingi lenye mtu mwingine ndani yake. Kiswahili kinatofautisha rekodi na tendo, tofauti ambayo nomino moja ya Kiingereza inazifunika zote mbili.

Sasa tutazame Kiswahili cha tiba. Katika vipeperushi na vipindi vya afya, mzee mwenye maradhi ya ubongo ya uzeeni huelezwa kuwa amepoteza kumbukumbu. Sidai kwamba usemi huu umeletwa na kompyuta. Ninadai kwamba leo unasomwa kupitia kompyuta. Kijana ambaye simu yake imewahi kufuta picha anajua maana ya kupoteza kumbukumbu: kilichokuwamo hakimo tena, na hakuna haja ya kukitafuta. Akiisikia kauli hiyo kuhusu babu yake, anaweza kuacha kumwimbia nyimbo za zamani, kuacha kumsalimia kwa jina la utani, kuacha kumkumbusha. Ilhali babu huyo, asiyejua amekula nini asubuhi, mara nyingi bado anauitikia wimbo wa ujana wake. Kauli za wazee wetu, kwamba fulani amekuwa msahaulifu, au kwamba anasahau sana, ziliacha mlango wazi. Anayesahau anaweza kukumbushwa. Aliyepoteza kumbukumbu amefungiwa faili.

Neno mshipa linatoa onyo la aina nyingine. Mshipa ni njia ya damu, ni neva, na pwani ni hata jina la maradhi ya kiume. Mshipa wa fahamu ni istilahi yenye picha nzuri, lakini inamruhusu msikilizaji kudhani kwamba ndani yake kuna kitu kinachotiririka. Istilahi neva, iliyotoholewa, haina picha yoyote na kwa sababu hiyo haidanganyi. Mwanaistilahi hana budi kupima kila mara: picha inayofundisha nusu, au utohozi usiofundisha lolote lakini usiopotosha? Hakuna kanuni moja. Katika kitabu cha shule ningechagua neva. Kitandani mwa mgonjwa ningeanza na mshipa wa fahamu, kisha nieleze kwamba kinachopita humo ni ishara, wala si damu.

5.0 Istiari inapofika sikioni

Mahali ambapo maunzi na mwili vimekutana kwa mafanikio makubwa kuliko pote ni ndani ya sikio. Jaribio la kwanza la kuamsha neva ya usikivu kwa kifaa kilichowekwa mwilini lilifanyika Paris mwaka 1957, mwaka uleule aliofariki von Neumann. Leo kifaa hicho kina sehemu mbili. Ya nje hunasa sauti, huichambua kwa chipu na kuirusha kupitia ngozi. Ya ndani huipokea na kuipeleka kwenye elektrodi zilizoingizwa katika kochlea, sehemu ya sikio iliyojiviringa kama koa la konokono. Nchini Tanzania huduma hii ilianza katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mwaka 2017, na taarifa za habari ziliita tendo hilo upandikizaji wa vifaa vya usikivu.

Kupandikiza ni neno la mkulima. Mche hutolewa kitaluni, hupandikizwa shambani, hushika mizizi na kuendelea kukua wenyewe. Kwa figo neno hili linafaa, maana figo ni kiungo hai kinachoungana na mwili mpya. Kwa kifaa cha usikivu linaahidi kisichokuwapo. Kifaa hakishiki mizizi. Neva ya usikivu ina nyuzi zipatazo 30,000, na elektrodi za vifaa vinavyotumika sana ni kati ya 12 na 22. Kinachoufikia ubongo wa mtoto ni muhtasari wa sauti, na ubongo huo lazima ufundishwe kuusoma, kwa mazoezi ya miezi na miaka. Mzazi aliyeambiwa kwamba mwanawe amepandikizwa usikivu ana haki ya kungoja mavuno. Mzazi aliyeambiwa kwamba mwanawe amewekewa kifaa, na kwamba kazi ya kumfundisha kusikia inaanza leo, ameelezwa ukweli.

Kuna jambo la ndani zaidi, nalo linawahusu moja kwa moja wanaisimu wa kanda yetu. Mwaka 1991 Blake Wilson na wenzake walichapisha mbinu ya kuchambua sauti ambayo ilibadilisha historia ya vifaa hivi. Kwa ufupi, mbinu hiyo hugawa sauti katika mikanda kadhaa, hutunza jinsi nguvu ya kila mkanda inavyopanda na kushuka, na huacha maelezo madogomadogo ya mawimbi. Katika lugha kama Kiingereza, yaliyotunzwa yanatosha kwa mtu kufuata mazungumzo. Yaliyoachwa ndiyo yanayobeba kiwango cha sauti, yaani ile hali ya juu na chini ambayo katika lugha za toni hubadilisha maana ya neno. Tafiti kwa wasemaji wa Kichina zimeonesha kwamba toni ni udhaifu mkubwa wa vifaa hivi.

Kiswahili sanifu hakina toni ya kileksika. Mkazo wake hukaa silabi ya pili kutoka mwisho. Mtoto anayelelewa kwa Kiswahili hapotezi maana ya neno kwa sababu ya kasoro hiyo. Lakini majirani wa Kiswahili ni lugha za toni. Katika Kinyarwanda, inda inaweza kuwa tumbo au chawa, na toni ndiyo inayoamua. Luganda nayo ni lugha ya toni. Mtoto wa Kigali au wa Masaka anayewekewa kifaa hicho anapokea, bila yeyote kumwambia mzazi wake, uamuzi wa kiisimu uliofanywa katika maabara za mbali: kwamba toni inaweza kusubiri.

Hapa ndipo istiari ya mashine inapoficha kupita kiasi. Tukisema kwamba chipu hupeleka sauti kwenye ubongo kama waya unavyopeleka umeme, swali la lugha gani halizuki. Tukisema kwamba chipu huitafsiri sauti, swali linazuka papo hapo, maana kila anayejua tafsiri anajua kwamba mfasiri huchagua cha kuacha.

6.0 Hitimisho

Makala haya hayapendekezi kuifukuza istiari. Bila seli ya neva ya kufikirika, rasimu ya mwaka 1945 isingeandikwa. Bila mfano wa kompyuta, mwalimu wa biolojia angekosa pa kuanzia. Tunachopendekeza ni mambo matatu yaliyo ndani ya uwezo wa taaluma yetu.

Kwanza, nomino kumbukumbu ibaki kwa mashine na kwa rekodi, na Kiswahili cha tiba kitumie kitenzi kwa mgonjwa: anasahau, uwezo wake wa kukumbuka umedhoofika. Pili, kupandikiza kuachwe kwa viungo hai, na vifaa visemwe kuwa vimewekwa au vimepachikwa. Tatu, fomu za ridhaa zinazotafsiriwa kwa ajili ya upasuaji wa aina hii zisomwe kwanza na wazazi wachache wasio wataalamu, kisha waulizwe wameelewa kwamba nini kitatokea baada ya upasuaji. Jibu lao ndilo kipimo cha istilahi, kuliko kikao cha kamati yoyote.

Mwandishi wa kitabu cha mwaka 1958 alimaliza kwa kusema kwamba lugha ya ubongo ni nyingine, wala hakuishi kuitafuta. Sisi tuliobaki na lugha za kawaida tuna wajibu mdogo zaidi: kuhakikisha kwamba mzee anayesahau hasemwi kana kwamba amefutwa, na kwamba mtoto anayejifunza kusikia anangojwa kwa subira, katika lugha ya nyumbani kwao.